Nzuri Yako Imenichosha, Kaka Suresh

Mpendwa kaka Suresh,

Jumanne nilikuandikia kwenye simu: "Kaka, habari za huko? Mkono unaendeleaje?" Nikasubiri siku nzima. Jioni ukanijibu maneno mawili: "Nzuri, dada." Niliitupa simu kitandani, nikatoka uani, nikasimama nimeshika kiuno kama mtu anayetafuta wa kugombana naye. Mtu ameungua mkono mpaka kwenye kiwiko, amerudishwa kwao kabla mkataba haujaisha, hajui kama vidole vitakunjika tena, anaulizwa hali anasema nzuri. Nina hasira na wewe, kaka. Nina hasira na wengi, na mimi mwenyewe nimo kwenye hesabu, lakini naanza na wewe kwa sababu wewe ndiye unayenisoma.

Nimeandika kwenye karatasi ili nisikatishwe. Nitaipiga picha nikutumie, uisome polepole kwa kidole kama ulivyokuwa ukisoma maandishi ya kwenye magunia. Karatasi yenyewe nitaibandika kwenye kibanda cha mama lishe nje ya geti, pale ambapo kila anayeingia zamu lazima apite. Wasome na wao. Kwenye haya mambo hakuna siri, kuna watu wazima tulionyamaza tu.

Unakumbuka siku uliyofika Singida? Alizeti ilikuwa imeanza kuingia, malori yamepanga foleni mpaka barabarani, upepo wetu unarusha vumbi na maganda mpaka kwenye kope. Mlinzi alikupigia saluti na kukufungulia geti kubwa la magari, akidhani tajiri amekuja kukagua mali yake. Kumbe una begi moja, na sufuria ya umeme ya kupikia wali umeikumbatia kifuani, na chumba ulichopewa kiko nyuma ya ghala la mashudu. Na sisi tulikuona hivyo hivyo. Mhindi, basi ni bosi. Ilituchukua wiki kuelewa kwamba wewe ni fundi wa mashine uliyeajiriwa kama sisi, unayeweza kufukuzwa kama sisi, na kwamba umemwacha mke na mtoto wa kike mbali kiasi kwamba ukiwapigia simu asubuhi, kwao ni mchana.

Ukaingia bila salamu. Hukumwona mtu, uliona mashine tu. Ulikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kukamua namba mbili, mashine yangu mimi, ukaitegea sikio, kisha ukageuka ukapiga kelele kwa Kiingereza kwamba mvuke umezidi. Ulimpigia kelele Mzee Ntandu, mtu wa boila, aliyekuwepo pale kiwanda kikiwa bado ni msingi na nguzo. Mzee hata shingo hakugeuza. Akaniambia mimi, kwa sauti ya kutosha:

"Huyu kusalimia hajui. Mashine ataijulia wapi?"

Siku tatu alijifanya hakusikii. Wewe ukaamini ni kiziwi. Siku ya nne ukamletea karatasi uliyomchorea boila, na mshale unaoelekea chini. Tulicheka mpaka basi.

Hakuna aliyenituma nikufundishe. Nilijitwika mwenyewe, kwa sababu wewe ukiwa hupatani na mtu wa mvuke, mashine yangu ndiyo inayokwama. Nikakukalisha kwenye benchi la chai. Lile benchi ulilijua, ubao mrefu juu ya madebe mawili yaliyojazwa mchanga, karibu na boila, pale penye joto zuri asubuhi za baridi. Wa zamu inayotoka walikuwa wanakaa na wa zamu inayoingia, chai ya rangi mkononi, nusu saa hivi, kisha mmoja anakwenda nyumbani na mwingine anashika kazi. Hapo nikakufundisha shikamoo. Ukainuka, ukamwendea Mzee Ntandu ukiwa umeunganisha viganja kama mnavyofanya kwenu, ukainama mpaka nikaogopa utaanguka. "Shikamoo, Mzee." Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Marahaba, mwanangu! Marahaba!" Toka siku hiyo mvuke wako ukawa unakuja kama unavyoutaka.

Sasa tufike kwenye habari. Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia.

Ulikuwa hujamaliza mwezi. Meneja alipita asubuhi, sisi tumekaa, akakuuliza kama anavyomuuliza kila mtu: "Fundi, habari za kazi?" Ukasimama wima na ukamjibu. Ulimjibu kweli kweli, Kiswahili kidogo, Kiingereza kingi, na mikono. Tumbo linasumbua tangu ulipofika. Hujalala siku tatu kwa sababu mashine ya mashudu inanguruma ukutani kwako. Mtoto ana homa huko nyumbani. Na fundi mwenzako akiondoka, mtu mmoja hawezi kuangalia mashine nne mchana na usiku. "Mimi choka sana, sir. Sana." Meneja alicheka akashika ukuta. "Jamani, mfundisheni salamu huyu!" Nasi tukacheka. Mimi nilicheka, kaka, nikajiziba mdomo kwa kitambaa cha kichwani na machozi yakinitoka. Ulituangalia mmoja mmoja, na wewe ukacheka, ukidhani kuna kitu cha kuchekesha umekisema.

Alipoondoka nikakuvuta pembeni. Nikakuambia: "Kaka, mtu akikuuliza habari, sema nzuri. Basi."

"Hata kama mbaya?"

"Hata kama mbaya."

"Sasa kwa nini anauliza?"

Nikasema ni heshima. Nilikuwa na haraka. Ukaandika kwenye kile kidaftari chako. Kesho yake ulikuwa unagawa nzuri kwa kila mtu, mpaka kwa mbuzi wa mlinzi.

Nilikufundisha nusu. Leo najua, na linanichoma. Nusu ya pili sikukufundisha kwa sababu sikujua kwamba ni kitu cha kufundishwa, sisi tumezaliwa ndani yake. Kwetu nzuri ni hodi tu. Mtu anasema nzuri, anauliza za kwako, anauliza watoto, anauliza mifugo, anauliza kama mvua imefika upande wenu, anakaa, anapokea kikombe, halafu ndipo anasema: "Nzuri, ila..." Nzuri, ila mtoto amechemka. Nzuri, ila mgongo huu hautanipeleka mwakani. Habari yenyewe iko kwenye ila. Sasa hiyo ila haisemwi mtu akiwa amesimama na spana mkononi. Inahitaji mahali pa kukaa.

Na mahali pa kukaa ulipaondoa wewe.

Usijitetee, najua ulivyoandika kwa nia njema. Ripoti yako ya kwanza kwa meneja ilisema wafanyakazi wanapoteza nusu saa kila zamu wakiwa wamekaa. Kwa saa ya ukutani ulikuwa sahihi. Meneja alifurahi kama aliyeokota. Wiki iliyofuata ubao ulipelekwa stoo, mchanga ukamwagwa, madebe yakachukuliwa na mama lishe. Makabidhiano yakawa ya karatasi: namba ya mashine, joto, mvuke, weka alama ya vema, weka sahihi, ondoka. Mashine ilikuwa na mistari kumi na miwili kwenye ile karatasi. Mtu hakuwa na hata mmoja. Nilikuja kukuuliza nikiwa nimevimba, ukaniambia bila ubaya wowote: "Dada, kwetu mtu anakaa nyumbani. Kazini anafanya kazi." Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wazee wetu wanavyosema. Siku hiyo nilitamani kumtafuta huyo aliyelisema neno hilo kwanza.

Lakini nakupa haki yako, kwa sababu kosa ulikuja kuliona mwenyewe. Beringi ya mashine namba tatu ilipokatika na kusimamisha kazi siku mbili, ulimkuta Mzee Ntandu anatikisa kichwa. Akakuambia ilikuwa inalia tangu wiki iliyopita, kila mtu anajua. Ulikuja kwangu umejaa grisi mpaka masikioni. "Kwa nini hakuniambia?" Nikakujibu: "Angekuambia akiwa amekaa wapi?" Kesho yake ukaenda kwa meneja kuomba benchi lirudi. Akakuonyesha kwamba mafuta yanayotoka yameongezeka. Akakuuliza benchi la nini. Ukarudi, nikakuuliza vipi, ukasema nzuri.

Kuanzia hapo mambo yalienda kwa kasi. Fundi mwenzako alipoondoka hakuletwa mwingine. Zamu tatu zikawa mbili. Jumapili ikamezwa, wakasema ni kwa msimu tu. Msimu wetu ukaisha, alizeti ikaanza kuletwa kutoka mikoa mingine, na msimu ukaendelea kana kwamba mvua na jua navyo vimeajiriwa. Wewe ukawa na mashine nne peke yako, zilezile ulizomwambia meneja kwamba mtu mmoja haziwezi.

Nataka ujue pia yaliyotupata sisi, kwa sababu wewe ulikuwa unatuona tukitoka getini na ukadhani tunakwenda kupumzika. Ulikuwa unaniambia, "Nyie bahati, nyie mko nyumbani." Kaka, sikuwa nyumbani. Mama yangu mkubwa alipofariki kule kwetu Issuna, zamani ningekaa kwenye benchi nikasema, "Jamani, nina msiba," na kabla chai haijapoa mtu angekuwa ameichukua zamu yangu. Sasa niombe nani, karatasi? Niliomba ofisini, nikaambiwa ruhusa ni kwa mzazi aliyekuzaa. Aliyenilea mgongoni mama akiwa mgonjwa, huyo si mzazi. Nikafika siku ya tatu, maziko yamekwisha, wanawake wamekaa kwenye mikeka. Kisha shangazi yangu akanisogezea kigoda, kile wanachopewa watu wa kutoka mbali, akaniambia kwa upole kabisa: "Karibu, mgeni."

Sijawahi kutukanwa hivyo, na hakukuwa na tusi. Wanawake wa ukoo wangu wanasonga ugali, wanachota maji, wanaosha vyombo, mimi nimekalishwa kwenye kigoda nahudumiwa. Wewe ulisafiri kwa ndege ukawa mgeni. Mimi nilifanywa mgeni kwetu, na nauli ya basi nilijilipia mwenyewe.

Na Mzee Ntandu, unakumbuka? Yule aliyekununia siku tatu kwa ajili ya salamu? Asubuhi moja yule binti mpya wa maabara alimpita akamwambia, "Shikamoo, Mzee," akapiga goti kidogo kama alivyolelewa. Mzee akampita. Hakuitikia. Binti akabaki amesimama, akaniangalia kama ameona mtu mzima anatembea uchi. Mtu wa umri ule, wa malezi yale, akiacha kuitikia shikamoo, hana hasira wala dharau. Ameisha. Niliona, nikajua, nikaenda kuweka vema kwenye karatasi yangu. Na wewe ulikuwa umesimama pale pale, ukaniuliza kama ile ni desturi nyingine ambayo hujaijua.

Wazee wanasema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Wewe ulifumba yote mawili.

Ushahidi ninao. Nilikupeleka kwa mama yangu kule Issuna, ile Jumapili moja tuliyorudishiwa na umeme, ulipokatika nchi nzima na kiwanda kikalala. Mama alifurahi kupata mgeni. Akakukamatia jogoo, na sikumwahi. Nilikuwa nachota maji, niliporudi jogoo yuko sufuriani. Nilijua huli nyama, hujawahi kula toka uzaliwe, wewe na baba yako na babu yako. Nikataka kusema, ukanikanyaga mguu chini ya meza. Mama akakuwekea firigisi juu ya ugali, heshima ya mwisho anayopewa mwanaume mgeni. Ukaiangalia. Ukaitia mdomoni, ukaimeza nzima bila kutafuna, ukatabasamu. "Nzuri, Mama. Nzuri sana." Kisha ukauliza choo kiko wapi, na mimi nikakusikia nyuma ya zizi, kaka, unatapika mpaka ng'ombe wanageuka. Ulirudi umenawa uso, ukamshukuru tena.

Nikaona ni mapenzi. Nikawasimulia watu jinsi ulivyo muungwana. Ila mama yangu, mwanamke ambaye hajawahi kuona mashine ya kukamua, alikusindikiza kwa macho ulipokwenda kupanda basi, akaniambia:

"Mwenzako yule halali."

"Ni uchovu wa kazi tu, mama. Wote tuko hivyo."

"Sijakuuliza nyie wote. Nimesema yule halali."

Nikamwambia asijali. Mficha maradhi kifo humuumbua, akasema, akaingia ndani. Nami nikapanda basi, nikakaa kiti cha nyuma yako, nikaona kichwa chako kimeangukia dirishani kinagonga kioo kila shimo la barabara na hakiamki.

Siku yenyewe sitaieleza kwa urefu, maana wewe uliiona kutoka ndani. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimechelewa kidogo, nikakukuta umesimama kwenye bomba la mvuke la mashine namba mbili, umekuwepo tangu jana yake asubuhi kwa sababu namba nne ilikuwa inasumbua. Nikakuuliza nikiwa natembea, hata sikusimama: "Kaka, habari za kazi?" Ukanijibu: "Nzuri, dada." Nikachukua karatasi, nikaweka vema kumi na mbili. Nilikuwa nimekupa mgongo. Ulilala ukiwa umesimama. Mkono ukalalia bomba, na kwa muda ambao sitaki kuufikiria ulikuwa unaungua na usingizi haukutoka. Ni Mzee Ntandu aliyekuja mbio kukuvuta, mzee wa miaka ile, akaungua na yeye viganja. Mpaka tunakupakia kwenye gari ulikuwa unaniambia pole. Wewe unaniambia mimi pole!

Basi. Alhamisi iliyopita nikaitwa ofisini. Ofisa utumishi, yule dada mpole mwenye miwani, alikuwa na karatasi tayari imechapwa. "Ni kitu kidogo, dada Mwanaidi, wewe ndiye uliyekuwa naye karibu. Weka sahihi hapa chini." Nikasoma. Ilisema mfanyakazi hakuwahi kutoa taarifa ya uchovu wala ugonjwa kwa mtu yeyote, na kwamba ajali ilitokana na uzembe wake binafsi. Mimi si mwanasheria, ila hilo nililielewa. Karatasi ikisema uzembe, mkono wako ni shida yako, na hakuna kiwanda kitakachomwajiri fundi mzembe, kwenu wala kwetu. Ikisema ulichoshwa, ni shida yao, matibabu na vyote.

"Si ndiyo ukweli?" akaniuliza. "Aliwahi kukwambia amechoka?"

Nilishika kalamu, kaka. Nakuambia ili ujue ulivyokaribia kuzikwa. Kwa sababu miaka miwili nilikuuliza kila asubuhi, na kila asubuhi ulisema nzuri, na mimi ni mtu ninayeogopa kusema uongo kwenye maandishi. Kalamu ilikuwa imegusa karatasi ndipo nikakumbuka ule mwezi wa kwanza.

"Aliwahi," nikasema.

"Lini?"

"Kabla hatujamfundisha adabu. Alimwambia meneja, mbele yetu wote."

Akaitwa meneja. Akakumbuka, nikaona usoni kwamba amekumbuka. Akasema, "Ah, Mwanaidi, ile si ilikuwa salamu tu."

Nikamwambia, "Ndiyo, bosi, ilikuwa salamu. Ulimuuliza habari, akakupa."

Akaniangalia, akaniuliza kama kazi naitaka au siitaki. Zamani ningesema samahani. Niliichukua ile karatasi, nikakata ile mistari, nikaandika chini yake kwa mkono wangu: kwamba ulisema mtu mmoja hawezi mashine nne, kwamba ulisema umechoka sana, kwamba meneja alikuwepo na alicheka, na kwamba mimi pia nilikuwepo na nilicheka. Hilo la mwisho lilinichukua muda mrefu kuliko yote. Kisha nikatia sahihi. Mzee Ntandu alikuwa anasubiri mlangoni, viganja bado vina bandeji, na yeye ameitwa kwa karatasi ile ile. Akaomba asomewe niliyoyaandika. Akasikiliza mpaka mwisho. "Na mimi nilicheka," akasema. "Andika na mimi." Hakumwangalia meneja hata mara moja.

Jumatatu nilikuta mtu mwingine kwenye mashine yangu. Mimi sasa nashona magunia uani, juani, na upepo unanijaza maganda puani. Sijutii. Nimekasirika sana kiasi kwamba jua silisikii.

Na hili ndilo lililonifanya niandike. Jana yule dada wa utumishi alinifuata nje ya geti, akaangalia nyuma kabla hajasema. Ameniambia maneno yangu na ya Mzee hayatoshi. Bila ya kwako ni maneno ya majirani. Akaniambia walishakuandikia mara mbili kukuuliza hali yako na jinsi ilivyotokea, na mara zote mbili umewajibu kwamba uko salama, unawashukuru kwa ukarimu wao, na huna malalamiko. Wamezichapa hizo barua zako mbili, wamezitia juu kabisa kwenye faili. Ijumaa linafungwa.

Kaka Suresh, una wazimu? Ukarimu upi? Nani amekuambia heshima ni kuwasaidia watu kukuchimbia shimo? Kama ni mimi niliyekuambia, basi leo nakufutia mafunzo yangu yote. Siyo heshima. Ilikuwa woga wetu, tukauvalisha nguo nzuri, tukakupa na wewe ukaupenda kuliko wenyewe.

Na usidhani ni habari yako peke yako. Kile chumba nyuma ya ghala la mashudu kinapakwa rangi. Anakuja fundi mwingine mwezi ujao, sijui anatoka nchi gani, sijui ana watoto wangapi. Faili likifungwa na neno uzembe, naye atapewa mashine nne, na Mzee Ntandu atarudishwa kwenye boila na viganja vyake, na yule binti wa maabara atafundishwa kuweka vema. Tutamwambia nini huyo mgeni akituuliza mwenzake alikwenda wapi? Kwamba alikuwa mzuri?

Kwa hiyo unaandika. Leo, kabla hujala. Andika kwa lugha yako, usihangaike na yangu wala na yao. Kama kalamu haishikiki, mkalishe binti yako, wewe sema yeye achape. Usianze na shukrani. Anza na ile zamu ya siku mbili, au anza na ukuta unaonguruma, anza popote, lakini andika saa ulizosimama, nani alijua, ulimwomba nani benchi na akakujibu nini. Ukimaliza watumie wao, kisha nitumie na mimi.

Msalimie mke wako, na umweleze na yeye, maana nina hakika hajui. Mama anakuulizia. Nimemwambia uliyoyafanya nyuma ya zizi, amelia, amesema ukija tena atakupikia mlenda mtupu.

Sasa nakuuliza, na sikuulizi habari. Niambie unaumwa wapi, kaka. Una mpaka Ijumaa, saa sita mchana.

Dada yako wa Issuna,
Mwanaidi